Kidole tumbo kimetolewa, majibu ya maabara umeyachukua?

Kwani kidole tumbo kinavimba kwa sababu gani?
Mara nyingi ni kuziba tu. Kale kamrija kalikoshikana na utumbo mpana ni kembamba, sentimita 6 mpaka 10 hivi, halafu upande mmoja hakana njia, sasa humo kikinasa kinyesi kigumu au tezi za ndani zikivimba basi ute unajaa, bakteria wanazaliana, damu haipiti vizuri, mwisho kinaoza au kinapasuka.

Mi nimemeza mbegu ya tunda, nimekwisha?
Hujaisha bana. Watu wanameza mbegu kila siku na zinatoka zenyewe, ni mara chache mno inanasa pale. Vitu vyenye ncha ndo balaa. Mwaka 1735 huko London daktari Claudius Amyand alimpasua dogo wa miaka 11 mwenye ngiri, akakuta kidole tumbo kimo humohumo ndani ya ngiri na kimetobolewa na pini, akakikata, kazi ya kama nusu saa na nusu kaputi haijagunduliwa bado, na dogo akapona! Mpaka leo kidole tumbo kikikutwa ndani ya ngiri ya kinena inaitwa ngiri ya Amyand.

Kuna sababu gani zingine za nadra?
Minyoo. Kuna wakati kidole tumbo kinakatwa na kamnyoo kembamba keupe kama uzi kanachungulia pale kwenye mkato, kanajinyonganyonga. Pia mayai ya kichocho, TB ya tumbo, na vivimbe, vingine vya kansa.

Basi tumbo likiuma ninywe dawa ya minyoo kwanza?
Hapana! Maumivu yakianzia kitovuni yakahamia chini kulia we nenda hospitali, kikishavimba hiyo dawa haikisaidii, unapoteza masaa tu. Dawa inakuja baada ya operesheni, na ikiwa ni minyoo mnatumia nyumba nzima.

Operesheni yenyewe inabadilika?
Kwa minyoo, kichocho au TB kinatolewa kama kawaida, dawa zinafuata. Kwenye uvimbe ndo mahesabu yanabadilika: ule uitwao karsinoidi ukiwa chini ya sentimita 1 kwa kawaida kutoa kidole tumbo kunatosha, ukizidi 2 wengi wanarudishwa kukatwa na utumbo mpana wa kulia, hapo katikati inategemea. Kikiwa kimejaa ute mzito kama jeli daktari anakishika kama yai, maana kikipasuka ule ute na seli zake unaweza kusambaa tumbo zima.

Daktari si ataona palepale?
Mara nyingi haoni, kwa macho kinafanana tu na kingine chochote kilichovimba. Inabidi kipelekwe patholojia, yaani maabara ya kupima vipande vya mwili, kikaangaliwe kwa hadubini, na majibu yanachukua siku kadhaa, we ushatoka wodini, mshono umepona, umesahau.

Mi nilitolewa mwaka juzi sijaambiwa kitu.
Rudi na namba ya faili uulize kama kilipimwa. Kama kilipimwa, vipande vyake huwa vinatunzwa kwenye nta kwa miaka, vinaweza hata kuangaliwa upya.