Mgonjwa wa Figo, Hebu Simama Mara Tano

Mgonjwa akifika kwenye kitengo chetu cha kusafisha damu, huja na bahasha ya majibu ya maabara: kreatinini, potasiamu, wingi wa damu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na bahasha hiyo naisoma, lakini nikishaiweka pembeni naomba kitu kingine. Mzee, kaa kwenye kiti hiki, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa mara tano bila kushika popote. Mimi nashika saa.

Wengi hufika mara ya tatu, mkono ukaanza kupapasa ukingo wa kiti. Hapo ndugu aliyemsindikiza huruka kumdaka: "Daktari, huyu ni mgonjwa, mwache apumzike."

Upendo huo naujua. Kwetu mgonjwa hutandikiwa, huletewa uji kitandani, na watoto hufukuzwa wakacheze mbali. Kwa malaria ya siku tatu, sawa. Figo zilizofika hatua ya 4, ambapo uwezo wa kuchuja umeshuka chini ya mililita 30 kwa dakika, au hatua ya 5, chini ya 15, si habari ya siku tatu. Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, tayari ana saa 12 za kulala kando ya mashine. Jioni za siku hizo huwa hoi. Tukimlaza na siku zilizobaki, atatembea lini?

Misuli yake, wakati huohuo, inaliwa pande zote. Asidi ambayo figo zimeshindwa kuitoa huivunja. Sumu zilizobaki mwilini huua hamu ya kula. Figo zilizochoka hazitengenezi vya kutosha homoni inayouamrisha mwili utengeneze damu, kwa hiyo hata misuli iliyobaki haipati hewa ya kutosha. Kulala tu kunamalizia kazi ambayo ugonjwa umeshaianza.

Kuna dodoso linalotumika nchi nyingi kupima ubora wa maisha ya wagonjwa wa figo. Swali mojawapo linauliza kama afya yako inakuzuia kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Gofu! Mimi huuliza hivi: choo chenu ni cha kuchuchumaa? Ukishachuchumaa, unanyanyuka mwenyewe au unamwita mtu? Unaswali kwa kusimama, au umehamia kwenye kiti? Ngazi ya daladala unaipanda, au kondakta anakuvuta? Nimewahi kuona mtu mzima akitazama chini kwa muda mrefu kabla ya kunijibu lile swali la choo. Kumwita mwanao akunyanyue chooni kunauma kuliko sindano ya fistula, yaani mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji ili mashine ichukulie damu hapo, na hakuna kipimo cha maabara kinacholionyesha hilo.

Habari njema ni kwamba nguvu hizo zinaweza kurudi, na hazihitaji gym. Italia walifanya utafiti wa miezi sita, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wagonjwa wanaosafishwa damu walitembea nyumbani kwao dakika 10 mara mbili kwa siku, katika siku zisizo za mashine, kwa mwendo uliopimwa kulingana na nguvu za kila mmoja. Mwanzoni, kwa dakika sita walikuwa wanakwenda wastani wa mita 328. Mwishoni wakafika 367. Wenzao ambao hawakupewa mpango huo walibaki palepale. Kunyanyuka kitini mara tano nako kuliongezeka kasi. Sitaki kuuza miujiza: Uingereza walijaribu kuwapa wagonjwa baiskeli wakiwa kwenye mashine, na baada ya miezi sita ubora wa maisha haukupanda. Sehemu kubwa ya mazoezi yaliyopangwa haikufanyika. Zoezi lisilofanyika halisaidii, ndiyo maana napenda lile la nyumbani, ambalo halingoji kifaa wala zamu.

Basi anza na dakika tano, kwa idhini ya daktari wako, asubuhi kabla jua halijawa kali. Pumzi ipande, lakini ukikutana na jirani uweze kumjibu salamu zote, za nyumbani, za watoto na za kazi. Ukishindwa kuzimaliza, punguza mwendo. Lengo la mbali ni dakika 150 kwa wiki, na asiyelifikia hajafeli.

Sasa lile linalonitia hofu zaidi. Ukitoka kutembea, kiu imekushika, na mwenye dafu yuko pale kwenye kona. Usinunue. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Sukutua maji au nyonya kipande kidogo cha barafu, ukikihesabu kwenye kiwango chako cha maji cha siku. Miguu ikiuma, usikimbilie diklofenaki wala ibuprofen za duka la dawa, maana zinaweza kumalizia nguvu za figo zilizobaki. Uliza kwanza.

Mwenye kisukari anayechoma insulini ajue kwamba figo zikichoka, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Apime sukari kabla ya kutoka, avae viatu vilivyofunika vidole, na akirudi akague nyayo.

Siku ambayo kifua kinabana, umekosa mashine, una homa, au usiku ulishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, usitembee. Njoo hospitali.

Na wewe ndugu unayemsindikiza, tembea naye upande wa mkono usio na fistula. Akiyumba utamshika mkono, na ule mwingine hatutaki uvutwe.