Jimbo la Merkel: mstari unaosogea kadiri watu wanavyohama

Ukimwomba msomaji wa Kiswahili akutajie mwanasiasa mmoja wa Ujerumani, aghalabu atamtaja Angela Merkel. Wanaokumbuka kwamba alikuwa pia mbunge wa jimbo ni wachache. Kwa miaka 31, kuanzia 1990 hadi 2021, ikiwemo miaka yote 16 aliyokuwa Kansela, aliwakilisha pembe ya kaskazini-mashariki kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Kuna visiwa huko, mashamba, fukwe za watalii, na miji ya bandari yenye makanisa marefu ya matofali mekundu. Leo jimbo hilo linaitwa Vorpommern-Rügen – Vorpommern-Greifswald I. Ni jina la kukata pumzi, lakini lina kisa chake, na kwa kisa hicho mtu anaweza kuelewa jinsi Wajerumani wanavyogawa majimbo vizuri zaidi kuliko kwa kusoma sheria yenyewe.

Tuelewane kwanza kwenye neno. Kiswahili hutumia "jimbo" kwa Bavaria, ambayo ina serikali na bunge lake, na pia kwa eneo linalomchagua mbunge mmoja. Hapa nikiandika jimbo ninakusudia hili la pili. Zile sehemu 16 zinazounda shirikisho nitazitaja kwa majina, na inayotuhusu ni moja tu, Mecklenburg-Vorpommern.

Eneo hili limebadili mabwana mara nyingi. Kuanzia 1648 hadi 1815 Stralsund, Greifswald na kisiwa cha Rügen vilikuwa chini ya mfalme wa Sweden, kisha vikaingia Prussia. Baada ya vita vya 1945 vikawa upande wa Wasovieti, na mwaka 1952 serikali ya Ujerumani Mashariki ikafuta mgawanyo wa kale na kuviweka chini ya wilaya kuu ya Rostock. Mecklenburg-Vorpommern ilizaliwa upya Oktoba 1990, nchi mbili zilipoungana, na uchaguzi wa kwanza wa Ujerumani nzima ukafanyika tarehe 2 Desemba mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, majimbo ya mashariki yalichorwa kwa haraka ya ajabu, na vyama vikatafuta wagombea kwa haraka hiyohiyo.

Wakati huo jimbo liliitwa Stralsund – Rügen – Grimmen. Merkel hakuwa mwenyeji. Alizaliwa Hamburg, akakulia Templin huko Brandenburg, na mwaka ule alikuwa naibu msemaji wa serikali ya mwisho ya Ujerumani Mashariki. Mkutano wa chama chake cha CDU, cha wahafidhina wa wastani, wa kumteua mgombea ulifanyika Septemba 1990 huko Prora, pale Rügen, mahali ambapo utawala wa Hitler ulijenga mapumziko ya ufukweni yenye majengo yaliyonyooka karibu kilomita 4.5. Mkutano ulikokota hadi usiku na kuingia duru ya pili, na Merkel akapita kwa tofauti ya kura chache tu. Wajumbe kadhaa wangeondoka mapema kwenda kulala, historia ya Ulaya ingekuwa na sura nyingine. Novemba alipigwa ile picha inayojulikana, amekaa na wavuvi kwenye kibanda chao kule Lobbe, na mwezi uliofuata akapata asilimia 48.5 ya kura.

Kura hizo zilikuwa za aina gani? Mjerumani hupewa karatasi moja yenye safu mbili. Kura ya kwanza ni ya mtu: anayeongoza jimboni ndiye mshindi, hata kama hakufika nusu. Kura ya pili ni ya orodha ya chama, na hiyo ndiyo inayoamua chama kitakuwa na viti vingapi bungeni. Msomaji wa Tanzania asidhani orodha hizo ni kama viti maalumu. Zenyewe ndizo uti wa mgongo wa mfumo wote, na anayeshindwa jimboni anaweza kabisa kuingia bungeni kupitia orodha. Merkel mwenyewe alipogombea 2013 na 2017 aliongoza orodha ya CDU ya Mecklenburg-Vorpommern, kwa hiyo hata Rügen wangemkataa asingekosa kiti. Ushindi wa jimbo ulikuwa heshima zaidi kuliko riziki.

Twende sasa kwenye mipaka. Sheria inataka kila jimbo liwe na idadi ya watu inayokaribiana na wastani wa nchi. Wanaohesabiwa ni raia wa Ujerumani, watoto wakiwemo. Wakazi wasio raia hawamo. Tofauti na wastani isizidi asilimia 15, na ikivuka asilimia 25 ni lazima mipaka ichorwe upya. Rais wa shirikisho huteua tume ya watu saba kufuatilia hesabu hizo. Mkuu wa ofisi ya taifa ya takwimu ni mmoja wao, pamoja na jaji wa mahakama ya juu ya masuala ya utawala. Tume hupendekeza tu, bunge ndilo linaloamua. Kwa hiyo wabunge hujipigia kura juu ya mipaka yao wenyewe, na binafsi naona hapo ndipo mfumo ulipo dhaifu, japo takwimu huwafunga mikono kiasi.

Na takwimu za Mecklenburg-Vorpommern hazikuwa na huruma. Baada ya muungano viwanda vilifungwa na vijana wakahamia magharibi kutafuta kazi. Watu walikuwa karibu milioni 1.9 mwaka 1990. Siku hizi ni takriban milioni 1.6. Mwaka 1990 ilikuwa na majimbo tisa. Mwaka 2002, majimbo ya nchi nzima yalipopunguzwa kutoka 328 hadi 299, yakabaki saba. Mwaka 2013 yakawa sita.

Kila jimbo moja lilipofutwa, yaliyobaki yalilazimika kutanuka. Jimbo la Merkel likawa Stralsund – Nordvorpommern – Rügen mwaka 2002. Septemba 2011 wilaya zenyewe ziliunganishwa, na Stralsund, Nordvorpommern na Rügen zikawa wilaya moja, Vorpommern-Rügen, ya zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Hata hivyo watu hawakutosha, na kwa uchaguzi wa 2013 jimbo likaongezewa mji wa Greifswald na vijiji vya jirani kutoka wilaya nyingine, Vorpommern-Greifswald. Ndiyo maana ya ile "Greifswald I" mwishoni mwa jina: ni kipande cha kwanza cha wilaya iliyokatwa.

Greifswald ina chuo kikuu cha tangu 1456, na wanafunzi wake hawawazi siasa kama wavuvi wa Rügen au wakulima wa bara. Stralsund iliishi kwa kiwanda cha meli kilichoanza 1948, kilichowaundia Wasovieti meli za uvuvi kwa wingi. Kampuni iliyokimiliki ilifilisika 2012, na iliyofuata ikafilisika Januari 2022. Kisiwa cha Hiddensee hakiruhusu hata magari binafsi. Mbunge wa huko anatakiwa kuwasemea watu wote hawa kwa mdomo mmoja.

Merkel alijua kulitumia jimbo lake. Julai 2006 alimpeleka Rais George W. Bush Stralsund, kisha kijiji cha Trinwillershagen ambako mgeni alichomewa nguruwe mwitu. Mwaka 2007 daraja jipya la Rügen lilifunguliwa naye akiwepo. Lakini kura zake hazikupanda moja kwa moja kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1998, CDU ilipoangushwa madarakani ikiwa chini ya Kansela Helmut Kohl, alishuka hadi asilimia 37.3. Kilele kilikuwa 2013, asilimia 56.2. Mwaka 2017, baada ya mjadala mkali wa wakimbizi, alipata asilimia 44.

Alipostaafu 2021 ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya kura zile zilikuwa zake, si za chama. Kiti kilichukuliwa na Anna Kassautzki wa SPD, chama cha mrengo wa kushoto wa wastani, mwenye umri wa miaka 27, kwa asilimia 24.3 tu, akimshinda mgombea wa CDU mwenye 20.4. Robo ya kura ilitosha kwa sababu nyingine zilisambaa kwa vyama vingi. Uchaguzi uliofuata, tarehe 23 Februari 2025, Dario Seifert wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, alishinda kwa zaidi ya theluthi ya kura. Ndani ya miaka minane kiti kilikuwa kimepita mikononi mwa vyama vitatu.

Uchaguzi huo wa 2025 ulikuja pia na kanuni mpya. Bunge lililokuwa limefura hadi wabunge 736 lilifungiwa kwenye viti 630, na mshindi wa jimbo hupewa kiti ikiwa tu kura za pili za chama chake katika sehemu yake ya shirikisho zinatosha kukilipia. Zisipotosha, washindi wenye asilimia ndogo zaidi huachwa. Washindi 23 walibaki nyumbani kwa njia hiyo, na majimbo machache hayana mbunge hata mmoja Berlin. Seifert hakuwa miongoni mwao.