Megawati za Upepo wa Bahari na Hesabu ya Nahodha

Nikizungumza na watu wa Lamu kuhusu umeme wa upepo wa baharini, swali la kwanza huwa: "Mradi huo ni wa megawati ngapi?" Ni swali la haki, ila halitoshi. Nahodha aliyewahi kukwama kwenye shwari wakati wa maleleji, kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, anaijua sababu hata kabla sijafungua kinywa.

Tuchukue Hornsea 2, mradi ulioko Bahari ya Kaskazini, kama kilomita 89 kutoka pwani ya Uingereza, uliokamilika mwaka 2022. Una mitambo 165 ya megawati 8 kila mmoja, na panga moja la mtambo lina urefu wa mita 81. Mtambo mmoja ukifanya kazi kwa nguvu zake zote, kwa saa moja hutoa yuniti 8,000, yuniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Vindeby ya Denmark, iliyotangulia duniani mwaka 1991, ilikuwa na mitambo 11, na yote pamoja haikufika megawati 5.

Shikeni hapo niliposema "kwa nguvu zake zote". Kasi ya upepo ikizidi mara 2, nguvu iliyomo huzidi mara 8. Basi mtambo unaofikia kilele chake upepo ukivuma mita 12 kwa sekunde, hubakiwa na kama sehemu moja ya nane tu kasi ikishuka hadi mita 6. Upepo ukipita mita 25 kwa sekunde, mitambo mingi huyageuza mapanga yasikamate upepo na kusimama, kama baharia anavyotua tanga kabla mlingoti haujavunjika.

Ndiyo sababu watu hukubali gharama kubwa ya kujenga baharini, ambako hakuna minazi wala majumba ya kuukata upepo. Hata hivyo, miradi mizuri ya huko hutoa kwa mwaka kama asilimia 40 hadi 50 ya kile ambacho ingetoa kama upepo usingelegea kamwe.

Kenya bado haina mtambo wa upepo baharini. Wa nchi kavu tunao: karibu na Ziwa Turkana iko mitambo 365, jumla megawati 310. Kule upepo hukaza usiku, watu wamelala, na kuna nyakati uzalishaji umelazimika kupunguzwa kwa kukosa matumizi.

Kwa hiyo siku mtu atakapotandika ramani ya mitambo mbele ya Lamu, muulizeni kwanza: kaskazi ikishakwisha na kusi haijaingia, umeme utatoka wapi? Kusi ikivuma usiku kucha, laini ya umeme ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu itaweza kuubeba wote? Wavuvi nao waulize mapema watatega wapi wakati wa ujenzi. Uingereza, chombo kisichohusika huweza kuzuiwa kukaribia mtambo unaojengwa kwa mita 500 kila upande.