Data za Majaribio Zisiwe Taarifa za Watu

Programu ikishafika hatua ya majaribio, njia ya mkato inayowavutia wengi ni kunakili hifadhidata nzima inayotumika na kuipeleka kwenye mazingira ya majaribio. Huko ulinzi kwa kawaida ni hafifu: timu nzima hutumia nywila moja, na mradi ukiisha nakala husahaulika kwenye kompyuta za watu.

Wapo wanaodhani wakifuta majina wamemaliza kazi. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kuwa asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu. Kugeuza namba kwa hashi, yaani hesabu inayoigeuza data kuwa msururu wa herufi na tarakimu usiorudishwa nyuma moja kwa moja, nako hakutoshi. Mwaka 2014 zilitolewa rekodi za safari za teksi za New York, namba za magari zikiwa zimefichwa kwa MD5, aina mojawapo ya hashi. Kwa kuwa namba zinazowezekana zilikuwa chache, mhandisi mmoja alikokotoa hashi za namba zote akazifumbua kwa muda wa saa chache. Namba za simu zina udhaifu huohuo.

Sehemu inayonitia wasiwasi zaidi ni ile ya “Maoni”. Humo utakuta sentensi kama “mteja amelazwa, mpigie mdogo wake”, pamoja na namba ya huyo mdogo wake. Zana nyingi za kuficha data hushughulikia safu za jina na simu, hii zikaipita.

Kwa hiyo anza na data bandia, iliyotengenezwa kwa kufuata muundo wa majedwali. Namba ya kadi ya malipo lazima tarakimu yake ya mwisho ikubaliane na kanuni ya Luhn, hesabu ya kukagua kama namba imeandikwa sawasawa, la sivyo mfumo utaikataa; tumia namba za majaribio zinazotolewa na kampuni za malipo. Barua pepe ziishie na example.com, anwani iliyotengwa tangu 1999 kwa mifano, ili jaribio lisije likamtumia mteja halisi ankara ya uongo. Na kitambulisho kilichobadilishwa kwenye jedwali moja kibadilishwe vivyo hivyo kwenye mengine, ama sivyo rekodi hazitaungana.

Kuna hitilafu zisizojitokeza ila kwa data halisi, hilo halina ubishi. Basi chukua rekodi chache zinazohusika, kwa kibali cha maandishi, zilindwe kama zilivyolindwa zilikotoka, na tarehe ya kuzifuta ipangwe mapema, nakala rudufu zikiwemo.