Gari umeliuza, lakini bado ni lako?

Wanaouza gari wenyewe, bila yadi wala kampuni, huogopa sana injini kuharibika mikononi mwa mnunuzi, na hawaogopi kabisa jina lao kubaki kwenye logbuku, yaani hati ya usajili wa gari. Kwa sheria za Kenya, hofu hiyo iko kinyume.

"Pesa nimepokea, funguo nimetoa, tumemalizana."

Wewe na mnunuzi huenda mmemalizana. Watu wengine hawajui hilo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gari ulilouza Machi likimgonga mtu Juni, wakili wa majeruhi ataomba taarifa za gari NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, akute jina lako, na hati za kesi zitakufuata mpaka kwako. Polisi wanaosaka gari lililotumika katika wizi nao huanzia kwenye jina hilo hilo.

Kifungu cha 9 kinampa muuzaji siku 7 za kumjulisha msajili nani amenunua. Mnunuzi naye ana siku 14. Zikipita kabla hajasajiliwa, hapaswi kulitia gari barabarani. Zamani muuzaji alitia saini fomu, akaacha wazi nafasi ya jina la mnunuzi, na karatasi hiyo ikazunguka kwa madalali bila yeye kujua gari liko kwa nani. Siku hizi uhamisho hufanyika mtandaoni: muuzaji anauanzisha kwenye akaunti yake, mnunuzi anaukubali kwenye yake. Kwa hiyo mnunuzi anayekuambia "nitabadilisha mwezi ujao nikipata hela" mpunguzie bei kidogo, ada ulipe wewe, na jambo liishe siku hiyo hiyo. Sijaona punguzo lenye faida kuliko hilo.

"Maadamu logbuku ina jina langu, nitalipa tu."

Hapana. Yale maneno "mpaka ithibitishwe vinginevyo" yana uzito wake. Mwaka 2005, katika kesi ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kampuni iliyosajiliwa kuwa mwenye gari ilikuwa imethibitisha kwamba ilishaliuza, hivyo haikupaswa kubebeshwa makosa ya dereva.

Lakini uthibitisho haushuki kutoka mbinguni. Unahitaji mkataba wa mauzo wenye saini na mashahidi, nakala ya kitambulisho cha mnunuzi, kumbukumbu ya malipo ya benki au M-Pesa, na tarehe ya makabidhiano. Andika na saa. Ajali ikitokea jioni ya siku ile ile uliyouza, saa ndiyo itakayobishaniwa. Na hati za mahakama zikikufikia, usizitupe kabatini kwa sababu "gari si langu tena". Asiyejibu kesi huweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na hapo mkataba wako mzuri utakuwa umekaa bure kwenye faili.

"Injini ikifa wiki ya pili, muuzaji anarudisha pesa."

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, kifungu cha 16, humwekea masharti ya ubora muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Yadi ya magari ya Ngong Road inaingia humo. Mwalimu wa Nakuru anayeuza Toyota Probox yake ya pekee haingii. Kwake yeye, kazi ya kuja na fundi kulikagua gari ni ya mnunuzi, na asiyekuja na fundi amejitakia.

"Tumeandika 'limeuzwa kama lilivyo', hakuna wa kunigusa."

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Maneno hayo yanaweza kukukinga na ubovu ambao hukuusemea lolote. Hayakukingi na uongo. Ukirudisha mileji nyuma, au ukiapa kwamba gari halijawahi kupata ajali ilhali chesisi imechomelewa, mnunuzi anaweza kudai mauziano yavunjwe au alipwe fidia. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui; jibu hilo halina gharama.

Kisha kuna haki yenyewe ya kuuza. Kifungu cha 14 cha Sheria hiyo ya Uuzaji wa Bidhaa kinamchukulia muuzaji, awe wa yadi au wa nyumbani, kuwa ana haki ya kuliuza gari na kwamba halina deni la mtu mwingine ambalo mnunuzi hakuambiwa. Gari uliloliweka rehani ya mkopo, ukaliuza kimyakimya, linaweza kukurudia mwaka wa nne: madai ya mkataba yana muda wa miaka 6. Wala mnunuzi hahitaji mtaji mkubwa wa kukushtaki, kwa maana Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000.

"Bima yangu bado ina miezi, itamfaa."

Haitamfaa. Bima ni mkataba wako na kampuni, na ukishauza gari huna tena maslahi ndani yake. Ijulishe kampuni, uulize kama kuna salio la kurudishiwa. Mnunuzi aliyechukua gari Mombasa na anakwenda nalo Kitale akate bima yake mwenyewe kabla hajaliwasha, hata ile ya mwezi mmoja ya kulinda watu wengine.