Mandharinyuma si picha iliyotangulia kubandikwa

Katika programu ya kuchorea, mandharinyuma ni picha au rangi inayokaa chini ya kila kitakachochorwa, ikihifadhiwa peke yake kiasi kwamba brashi na kifutio haviigusi. Maana yenyewe inaishia hapo. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba nimesikia mara nyingi mno mtu akisema ameweka mandharinyuma, ilhali alichofanya ni kubandika picha kwenye turubai tupu, yaani eneo la kuchorea kwenye skrini, na kuanza kuchora juu yake.

Kabla ya kitendo, tulitazame neno. "Mandhari" tumelipata katika Kiarabu, kwenye mzizi ule ule wa kutazama uliotupatia "nadharia", na "nyuma" ni letu la Kibantu. Wapo wanaopendelea kusema "usuli", nami nakiri kwamba hunikera kidogo, kwa sababu usuli ni ndugu wa asili: ni chimbuko la jambo, historia iliyolitangulia, na ndiyo maana mtafiti huandika usuli wa tatizo lake. Lugha nyingine zina neno moja kwa mambo haya mawili, na aliyetafsiri kwa haraka akadhani nasi tuna moja. Picha ya mlima iliyo chini ya mchoro wa ndege si chimbuko la ndege huyo. Ni kile kinachoonekana nyuma yake. Tena "nyuma" ni neno lenye kudai mwenzake, kwani ukilitamka utaulizwa nyuma ya nini, na pasipo kitu cha mbele kinachoweza kuondoka na kukiacha cha nyuma kikiwa kizima, neno hilo halina pa kushika.

Hapo ndipo kubandika kunapotofautiana na kuweka mandharinyuma. Katika Paint ya zamani, programu ya kuchorea ya Windows, kabla Microsoft haijaiongezea matabaka (yaani karatasi angavu zinazolaliana, kila moja na mchoro wake) mwaka 2023, turubai lilikuwa moja tu. Picha uliyoibandika ilikuwa bado inasogezeka maadamu imezungukwa na mstari wa vidoti. Ukishabofya pembeni, pikseli zake, yaani nukta za rangi zinazounda picha, zilichukua nafasi ya zilizokuwapo, na tangu hapo programu haikujua tena ipi ni picha na upi ni mchoro. Ukichora mti na kisha kuufuta, mlima uliokuwa chini haurudi, maana kifutio cha Paint hakifuti kwa maana halisi bali hupaka rangi ya pili uliyoichagua, ambayo kwa kawaida ni nyeupe.

Linganisha na Tux Paint, programu ya watoto ambayo wakubwa huidharau bure. Ukianza na picha ya mandhari iliyotayarishwa humo, kifutio huondoa ulichochora na kuifichua upya picha ya chini. Programu hiyo ina pia picha za kupaka rangi ambazo mistari yake hukaa juu ya mchoro, hivyo hata ukipaka ovyo mistari haifunikwi. Ni picha iliyotangulia kuwekwa, lakini iko mbele. Kutangulia, basi, hakuifanyi picha kuwa ya nyuma. Katika Scratch nako, programu inayowafunza watoto kuandika programu, jukwaa (eneo la kuonyeshea) la vizio 480 kwa 360 lina mandharinyuma yake, na amri ya kufuta michoro yote ya kalamu huiacha kama ilivyokuwa.

Anayetaka kujua alicho nacho na achore mstari mmoja juu ya picha, aufute, atazame kilichobaki. Akiona picha nzima, anayo mandharinyuma. Akiona mchirizi mweupe, hajaharibu kazi wala hajatenda kosa kubwa, kwani wengi wamechora vizuri kwa njia hiyo. Ila aseme tu kwamba amechora juu ya picha, na ahifadhi nakala ya faili la awali kabla hajashika kifutio tena.