Uongozi wa kulingana na hali, na namna usaili unavyoweza kuupima

Uongozi wa kulingana na hali ni mtazamo wa menejimenti unaoshikilia kwamba hakuna mtindo mmoja wa kuongoza unaofaa kwa kila mfanyakazi na kila kazi. Kiongozi hutakiwa kwanza kupima utayari wa anayemwongoza, ndipo aamue amwelekeze kwa kiasi gani, na amsikilize na kumtia moyo kwa kiasi gani. Waliouandika mtazamo huu kwa sura tunayoifahamu ni Paul Hersey na Ken Blanchard wa Marekani, mwaka 1969, ingawa wakati huo waliuita nadharia ya mzunguko wa maisha ya uongozi. Msingi ulikwisha kuwekwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, walioonesha kwamba mwenendo wa kiongozi una pande mbili zinazoweza kupimwa kila moja peke yake: kupanga na kusimamia kazi, na kuwajali watu.

Kutokana na pande hizo hupatikana mitindo minne, nayo huonekana vizuri katika kiwanda cha chai cha Rungwe au Mufindi, ambako majani mabichi hayawezi kusubiri kesho, kwa sababu yakirundikana hupata joto na kuharibika. Kibarua anayeanza leo kwenye vitanda vya kunyaushia huambiwa hatua kwa hatua: tandaza majani kwa unene huu, yageuze wakati huu, usizime feni kabla hujaniita. Huo ni mtindo wa kuelekeza. Anapokuwa na nia lakini ujuzi bado ni mdogo, msimamizi huendelea kumwelekeza huku akimpa sababu za kila hatua na kujibu maswali yake, ili aikubali kazi badala ya kuifanya kwa woga. Huo ni mtindo wa kushawishi. Aliyekwisha kujua kazi lakini anasitasita, au ari yake imeshuka, hafundishwi upya, bali huulizwa maoni na kuhusishwa katika maamuzi, na huo ndio mtindo wa kushirikisha. Mwenye ujuzi na ari hukasimiwa kazi yote, akabaki kutoa taarifa, na huo ni mtindo wa kukasimu.

Baadaye Blanchard alitengeneza toleo lake, ambalo ndani yake mfanyakazi mpya huanza na shauku, kisha hukata tamaa anapogundua ugumu wa kazi, kabla ya kupanda tena. Kwa maoni yangu toleo hilo linawaeleza vijana wanaoajiriwa kwa mara ya kwanza vizuri zaidi kuliko lile la mwanzo, lililodhani kwamba asiyejua kazi mara nyingi pia hana nia au hajiamini.

Jambo linalosahaulika mara nyingi, na ambalo kwangu ndilo kiini cha dhana nzima, ni kwamba utayari ni wa mtu kwa kazi fulani, si tabia anayotembea nayo kila mahali. Mchukue mzee ambaye ameishi na mashine ya kukaushia kwa miaka mingi, ambaye akinusa tu hujua kwamba chai inakaribia kuungua. Kwenye mashine hiyo anastahili kuachiwa kazi yote, na msimamizi anayemfuatafuata anamvunjia heshima bila faida yoyote. Lakini siku kiwanda kinapoamua kwamba kumbukumbu za joto zitajazwa kwenye kompyuta badala ya daftari, mzee huyo huyo, kwa kazi hiyo moja, ni mwanafunzi wa siku ya kwanza, na kumwachia kwa sababu ana uzoefu ni kumtelekeza. Msimamizi wa zamu, ambaye huenda ametoka chuoni Mbeya au Iringa juzi tu na ana umri wa mjukuu wake, analazimika kutumia mitindo miwili kwa mtu mmoja katika saa ile ile. Kwetu ugumu huongezeka, kwa kuwa maelekezo ya karibu kutoka kwa kijana kwenda kwa mzee yakitolewa mbele ya watu huchukuliwa kuwa dharau hata kama maneno yenyewe ni sahihi. Kiongozi mwenye busara humwamkia kwanza, humwita pembeni, na kusema: «Mzee, naomba tukae kidogo nikuoneshe mahali pa kujaza joto, nawe unieleze ni kiwango gani tukione kuwa cha hatari.» Maelekezo yametolewa yote, na heshima ya mzee haikuguswa.

Si wataalamu wote walioamini kwamba kiongozi anaweza kubadilika namna hiyo. Fred Fiedler, ambaye kitabu chake cha mwaka 1967 kilitangulia kazi ya Hersey na Blanchard, aliona kwamba mtindo wa mtu ni sehemu ya hulka yake na ni mgumu kugeuzwa. Kwa hiyo alishauri ama mtu apelekwe kwenye mazingira yanayomfaa, ama mazingira yenyewe yarekebishwe: uhusiano wake na walio chini yake, uwazi wa kazi, na ukubwa wa mamlaka ya cheo chake. Kwa anayeajiri, tofauti hii ni nzito. Kama Fiedler yuko sahihi, kosa linalofanyika kwenye usaili haliwezi kurekebishwa kwa semina.

Hapo ndipo usaili wa maswali ya hali unapohusika. Gary Latham na wenzake waliueleza mwaka 1980, wakijenga juu ya wazo kwamba nia ya mtu hutabiri kwa kiasi fulani atakachokitenda. Waajiri hukusanya kwanza matukio ya kweli ya kazini ambayo yalitenganisha utendaji mzuri na mbovu, huyageuza kuwa maswali ya «ungefanya nini», kisha huandika mifano ya majibu mazuri, ya wastani na dhaifu kabla msailiwa wa kwanza hajaingia chumbani. Swali zuri huwa na mtanziko ndani yake, yaani njia mbili ambazo kila moja ina gharama, ili jibu la heri lisijitokeze lenyewe.

Linganisha na swali lililozoeleka: «Tueleze mtindo wako wa uongozi.» Kila msailiwa atajibu kwamba yeye ni mshirikishi, na wote watapata alama zinazokaribiana. Sasa mwulize hivi: «Malori mawili ya majani mabichi yamefika jioni kwa pamoja. Mzee wa mashine, fundi wako bora, amekataa kujaza kumbukumbu kwenye kompyuta, na mkaguzi anakuja kesho asubuhi. Utafanya nini?» Jibu dhaifu ni kumwandikia barua ya onyo, au kujaza kumbukumbu mwenyewe kimya kimya. La wastani ni kumpa kijana mwingine kazi hiyo na kuahidi mafunzo. Lililo bora huanza kwa kutafuta kama mzee hataki au hawezi, humwacha aendelee na mashine kwa sababu majani hayasubiri, na hupanga jinsi ya kumkalisha na kumfundisha kwa staha.

Kuna aina nyingine ya usaili, iliyopendekezwa na Tom Janz mwaka 1982, inayouliza mtu alifanya nini hapo awali badala ya angefanya nini. Kwa nafasi za juu naiona kuwa na uzito zaidi, lakini humwonea mhitimu ambaye hajawahi kuongoza hata watu watatu. Aina zote mbili ni usaili wenye muundo, yaani wenye maswali na vigezo vya alama vilivyopangwa mapema na vinavyofanana kwa wote, na uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake uliotolewa mwaka 2022 uliuweka usaili wa namna hiyo juu ya vipimo vingine vya ajira walivyovilinganisha, ukiwa na uhusiano wa 0.42 na utendaji kazini (0 ni kutokuwa na uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) dhidi ya 0.19 kwa mazungumzo yasiyo na muundo.

Nadharia ya Hersey na Blanchard haina ushahidi wa nguvu hiyo. Robert Vecchio alipoipima kwa walimu wa sekondari mwaka 1987, aliona inashika zaidi kwa wale wenye utayari mdogo, wanaohitaji maelekezo. Kwa hiyo jopo lisimwongezee alama mtu anayetaja mitindo minne kwa majina yake. Kinachopimwa ni kama ameisoma hali kabla ya kuamua.

Hili lina matokeo ya vitendo kwa wajumbe wa jopo. Msailiwa bora, akipewa swali la mzee wa mashine, huenda akauliza: «Amewahi kufundishwa kutumia kompyuta?» Jopo liwe na jibu moja lililoandikwa tayari, wapewe wote watakaouliza, na kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya mwenyekiti kusema lolote.